Masta Iko kwa Nani?

Ndugu Mwenyekiti, wazazi na walezi mliotuheshimu kwa kufika, na ninyi vijana mlioacha kazi zenu ili kuja kunisikiliza, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote nasema habari za mchana.

Barua ya mwaliko niliyoletewa ilinitaka nizungumzie fursa zilizopo katika video za mtandaoni. Nawaomba radhi waandaaji, kwa sababu neno "fursa" limesemwa kwenye kumbi kama hizi mpaka limepauka, na mimi kila nikilisikia huanza kutazama mlango uko wapi. Nimefanya kazi ya kuhariri picha tangu enzi za kanda za VHS. Nimeona watu wachache wakinyanyuka kwa kazi hii na wengi zaidi wakichakaa nayo, na kilichowatenganisha mara nyingi hakikuwa kipaji wala kamera, bali jibu la swali ambalo sisi wa zamani hatukulijua mpaka tulipokuwa tumechelewa: masta iko kwa nani?

Wengi wenu mmekua baada ya neno hilo kufifia, kwa hiyo nilieleze. Katika miaka ya 2000, filamu za Kiswahili zilipoanza kurekodiwa kwa kamera za video na kuuzwa kwenye kanda, kisha kwenye VCD na DVD, soko lake kubwa hapa Tanzania lilikuwa Kariakoo, Dar es Salaam. Mtayarishaji alikopa, akakusanya waigizaji, akapiga picha kwa siku chache kwenye nyumba ya kuazima, akakesha na mhariri, na mwisho akatoka na nakala moja safi ambayo kutoka kwayo nakala nyingine zote zingerudufiwa. Hiyo ndiyo masta. Aliitia kwenye bahasha akaipeleka kwa msambazaji, na msambazaji, ambaye ndiye mwenye mashine, mwenye duka na mwenye njia ya kufikisha mzigo mikoani, aliinunua jumla. Kuanzia saa hiyo, filamu ikiuza nakala elfu tano au elfu hamsini, aliyeitengeneza hakuwa na haki ya kuuliza. Mwigizaji aliweza kuona sura yake kwenye makasha yaliyopangwa kibandani, watu wakimnyooshea kidole, na yeye yuko pale kituoni anasubiri daladala kama wao.

Sitaki kuwafanya wasambazaji wale kuwa majambazi. Walitoa fedha taslimu siku ambayo benki isingekutazama mara mbili, na walibeba hasara ya maharamia ambao walirudufu filamu mpya kabla haijamaliza wiki sokoni. Lakini mpango wenyewe ulikuwa hivyo: mwenye jasho aliuza mti ili apate fedha ya kikapu kimoja cha maembe. Mimi nami niliuza. Ilikuwa mwaka 2007, filamu yangu ya kwanza na ya mwisho kuisimamia mwenyewe, na fedha niliyopewa ilitosha kulipa madeni ya waigizaji na kununua meza ya kuhariria ambayo bado ninayo. Nilitia sahihi karatasi moja, nikaikunja, nikaenda kula pilau. Nitairudia karatasi hiyo.

Biashara ile haikuuawa na mtu mmoja. Maharamia waliidhoofisha, diski moja yenye filamu kumi ikaanza kuuzwa barabarani kwa bei ya kutupa, na mtazamaji hakuona sababu ya kununua moja halali. Kisha mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ukafika Dar es Salaam na Mombasa kupitia chini ya bahari, ukafuatiwa na mingine, gharama ya intaneti ikaanza kushuka, simu janja za bei nafuu zikaingia, na kabla hatujajua kinachoendelea familia zikafunika deki kwa kitambaa cha mezani. Huko Marekani, YouTube ilikuwa imeanzishwa mwaka 2005, ikanunuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65, na mwaka 2007 ikaanza mpango wa kugawana mapato ya matangazo na wenye video. Mwaka 2007. Nilipokuwa nakunja karatasi yangu Kariakoo, upande wa pili wa dunia mlango ulikuwa unafunguliwa ambao kwao mtu angeweza kuonyesha kazi yake, akalipwa kila inapotazamwa, na masta ikabaki nyumbani kwake. Kwa intaneti tuliyokuwa nayo wakati ule nisingeweza hata kupandisha dakika tatu, lakini bado tarehe hizo mbili huniuma zikikaa pamoja.

Kwa hiyo mkiniuliza ni nini hasa kilichobadilika, sitasema kamera imekuwa nafuu, ingawa imekuwa. Nitasema kwamba kwa mara ya kwanza mtengeneza picha wa kawaida, asiye na studio wala mjomba kwenye kituo cha televisheni, anaweza kuwa mfanyabiashara mwenye bidhaa yake mwenyewe ghalani. Ndiyo maana nakubali mwaitwe wajasiriamali, ilimradi mjiendeshe kama wafanyabiashara.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumsaidia binti mmoja kusafisha sauti ya video zake za mapishi. Nilitarajia kukuta taa za ringi na zulia jekundu. Nilikuta jiko la uani, simu imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mguu wa stuli iliyolazwa juu ya meza, ikitazama chini kwenye kikaango cha vitumbua, na upande wa pili amening'iniza shuka jeupe ili mwanga wa mlangoni urudi kwenye chakula. Jirani yake ni fundi wa kuchomelea mageti, na mashine ya kukatia vyuma ikianza hakuna sauti nyingine inayosikika. Binti yule amejifunza kusubiri umeme ukatike. Mtaa mzima ukilalamika, yeye anawasha mkaa, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo mafuta yanasikika yakichemka na kitumbua kinasikika kikigeuzwa. Na umeme ukirudi, fundi anarudi kwenye vyuma vyake naye anachaji simu na kupandisha video. Sijawahi kuona ratiba ya kazi iliyopangwa na shirika la umeme ikafanya kazi vizuri namna ile.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa daftari lake. Upande mmoja ameandika kilichotoka: nazi mbili, unga wa mchele, iliki, mkaa, bando, nauli ya bodaboda ya kufuata nazi. Chini yake, kila siku, ameandika saa alizofanya kazi, jambo ambalo watu wazima wenye makampuni hawalifanyi. Upande wa pili ameandika kilichoingia, na hapo nilicheka, kwa sababu vitumbua vikishapigwa picha anawauzia majirani, na katika miezi saba ya mwanzo vitumbua ndivyo vilivyolipa bando, si video. Hakuona aibu nayo. Aliniambia kwamba yeye ni muuza vitumbua aliyekuwa akijenga duka la pili, na duka la pili huchukua muda kupata wateja.

Sasa twende kwenye hesabu za hilo duka la pili, kwa sababu nimeona vijana wanazikimbia. Ili YouTube ianze kukugawia mapato ya matangazo unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000, na video zako ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 ndani ya miezi 12, au video fupi zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishakubaliwa, katika video ndefu wewe unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo na wenye jukwaa wanabaki na 45. Fedha haitoki mpaka ifike dola 100. Na tangazo linaloonekana kwa mtazamaji wa Kigoma halilipiwi sawa na linaloonekana kwa mtazamaji aliyeko Ujerumani au Marekani, kwa kuwa mwenye tangazo hulipa kwa kupima mfuko wa mnunuzi; ndiyo maana chaneli ndogo ya mapishi ya pwani, inayotazamwa na watu wetu walioko Maskati, London na Toronto wenye hamu ya nyumbani, inaweza kuingiza zaidi ya chaneli ya vichekesho yenye watazamaji mara tano yake.

Kuna kodi pia. Tangu mwaka 2021, Google hukata kodi ya Marekani kwenye sehemu ya mapato yako inayotokana na watazamaji walioko Marekani, na kwa nchi kama yetu isiyo na mkataba wa kodi na Marekani kiwango chake ni asilimia 30. Tuseme umepata dola 550, na kati ya hizo 200 zimetoka kwa watazamaji wa Marekani: utakatwa dola 60. Lakini kama hujajaza fomu ya kodi, makato yanaweza kufikia asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima, yaani dola 132. Dola 72 zinapotea kwa uvivu wa kujaza fomu ambayo haimalizi hata nusu saa. Huwezi kumlaumu mtu.

Na kuna barua. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua ya karatasi yenye namba ya tarakimu sita, ambayo bila kuiingiza kwenye akaunti hulipwi hata shilingi. Hebu fikirieni jambo hilo katika nchi ambayo watu wengi hawana sanduku la posta, ambayo anwani ya mtu ni "pale kwa fundi mageti, uliza mama fulani". Binti wa Tanga alitumia sanduku la shule anakofundisha mjomba wake, na barua ikalala wiki tatu kwenye droo, katikati ya karatasi za mitihani. Kazi yote ya kisasa, mawimbi, mikongo, satelaiti, na mwisho inasubiri mtu afungue droo. Kama una chaneli na huna sanduku la posta, kesho nenda ukakodi, au kaombe kwa mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Sasa nirudi kwenye masta, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mnadhani mmepona kwa kuwa hakuna tena bahasha ya kupeleka Kariakoo. Katika mwaka huu peke yake nimeitwa kusuluhisha migogoro minne, na yote ilifanana. Kijana anataka kuanza chaneli, hajui pa kuanzia, anakwenda kwa jamaa anayejua kompyuta. Jamaa anamfungulia kwa barua pepe yake jamaa, namba ya simu ya jamaa, na nenosiri ambalo jamaa analikumbuka kichwani. Hakuna anayefikiria ubaya, chaneli ina wafuatiliaji sita. Baada ya miaka miwili ina laki moja, fedha zinaingia, wawili hao wanagombana kwa jambo dogo, na asubuhi moja kijana anakuta nenosiri limebadilishwa. Anayo sura, sauti na vichekesho vyake, na watu wanamwita jina lake barabarani, lakini chaneli si yake kwa maana yoyote ambayo anaweza kuithibitisha mbele ya hakimu. Barua pepe na nenosiri ndiyo masta ya leo, nayo inatolewa bure, bila hata ile fedha ya kulipa madeni niliyopewa mimi.

Hali ni ngumu zaidi kwenye makundi ya vichekesho. Vijana watano wanaigiza, mmoja anashika kamera, mmoja ndiye aliyefungua akaunti. Kila wiki wanagawana nauli na chipsi, na wote wanasema "sisi ni ndugu". Nami naamini kwamba ni ndugu, lakini ndugu hugawana shamba mbele ya wazee na huweka mipaka. Andikeni karatasi moja, hata ya daftari, ikitaja akaunti iko kwa jina la nani, mapato yanagawanywaje, na kundi likivunjika video za zamani zinabaki kwa nani. Mwanachama wa kundi la watu watano anayesema hataki kuandika kwa kuwa "tunaaminiana" ndiye anayeshika nenosiri. Katika migogoro minne niliyoiona sijakuta tofauti.

Hata ukishika nenosiri, kumbuka kwamba uwanja ni wa mtu mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2018 YouTube ilibadili masharti. Kabla ya hapo chaneli ilihitaji kutazamwa mara 10,000 tu tangu ianzishwe, na sharti jipya la wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 likawatoa wadogo wengi kwenye mgao. Hawakuulizwa. Mpangaji haulizwi kodi ya pango inapopanda. Vilevile, ukipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa na kila kilichomo kikaondoka nayo, na maonyo mengi ninayoyaona huku kwetu yanatokana na wimbo uliowekwa nyuma ya picha kwa sababu tu "unabamba". Weka video zako halisi kwenye diski ya nje, nyumbani, kwenye kabati. Mfanyabiashara hahifadhi mzigo wake wote kwenye duka la kupanga.

Walioelewa jambo hili hawakutegemea matangazo peke yake. Huko Kenya, mchekeshaji Njugush na mkewe Wakavinye wamewachekesha watu bure mtandaoni, na watu haohao wakalipa kiingilio kwenda kuwatazama jukwaani. Abel Mutua, aliyetoka kwenye uigizaji na uandishi wa michezo ya televisheni, anasimulia visa kwenye chaneli yake kwa lugha ya mtaani, naye ana kampuni ya kutengeneza filamu aliyoianzisha na mwenzake. Hapa kwetu, Millard Ayo alikuwa mtangazaji wa redio, akajenga chombo chake cha mtandaoni hatua kwa hatua mpaka kikawa mahali ambapo wengine wanaajiriwa. Na yupo Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa kijiji cha Mindu Tulieni mkoani Pwani, ambaye mwaka 2021, pamoja na dada yake Neema, alianza kujulikana India kwa kufuatisha midomo kwenye nyimbo za filamu za Kihindi. Februari 2022 Ubalozi wa India ulimtunuku Dar es Salaam, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao wawili kwenye hotuba yake ya redio. Ule wimbo haukuwa wake, kwa hiyo wimbo usingeweza kumlipa. Thamani yake ilikuwa uso wake, shuka lake na mahali aliposimama, na hivyo ndivyo alivyoalikwa navyo India.

Kuhusu serikali nitasema kwa kifupi, maana kuna wanaonitazama. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye chaneli ya habari alipe ada ambazo kwa kuanzia zilifika shilingi milioni 2.1, na nilisema wakati ule, na leo narudia, kwamba ada ile ilipimwa kwa mfuko wa aliyekwisha kufika, haikupimwa kwa mfuko wa anayeanza. Kanuni zimeandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa baadaye, kwa hiyo msitegemee nilichosema mimi wala rafiki yenu. Nendeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mkaulize kundi lenu na ada yake ya leo. Kuhusu kodi, Kenya mwaka 2023 ilipendekeza kuwakata watengeneza maudhui asilimia 15, kelele zikapigwa, ikapitishwa 5. Sisi tuliweka 5 mwaka uliofuata. Namba ya mlipakodi chukueni mapema. Kampuni inayotaka kukupa tangazo la sabuni itaiomba siku ya kwanza, na nimeona mikataba mizuri ikienda kwa mtu mwingine kwa sababu kijana alikuwa bado anatafuta kitambulisho.

Wazazi, ninyi sina mengi ya kuwaambia. Mtoto akisema anafanya biashara ya video, msimuulize ana wafuasi wangapi. Mwombeni awaonyeshe daftari.

Nilisema nitairudia karatasi yangu. Miezi michache iliyopita mtu alinitumia kiungo kwenye simu, na nilipokifungua nikaikuta filamu yangu ya 2007, picha zimefifia kidogo, imewekwa kwenye chaneli nisiyoijua, na kabla haijaanza likapita tangazo la dawa ya meno. Imetazamwa zaidi ya mara laki tatu. Watu wameandika chini yake kwamba ilikuwa filamu ya utoto wao, mmoja ameuliza kama yule mzee aliyeigiza baba bado yu hai. Nilikwenda kwa wakili, nikamwonyesha karatasi niliyoikunja siku ile ya pilau. Ina mistari saba, na mstari wa tano unasema nimeuza "masta na haki zake zote, bila kikomo cha muda". Wakili aliusoma mara mbili, akaikunja karatasi palepale ilipokuwa imekunjwa, akanirudishia.

Nimekuja nayo. Ipo kwa Katibu pale mezani, kwenye mfuko wa nailoni kwa kuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo, na anayetaka kuisoma baada ya chai anaruhusiwa.

Asanteni kwa kunisikiliza.